Anga la Giza: Maana ya Hifadhi Inayoutunza Usiku wa Jangwani

Hifadhi ya anga la giza ni eneo ambalo uongozi wake umekubali kuutunza usiku kama unavyotunza wanyama, mimea na ardhi, kwa kudhibiti kila taa iliyomo ndani yake na kwa kuwaeleza wageni na majirani sababu za udhibiti huo. Nyota zenyewe hazihitaji mlinzi. Kinachoweza kuharibiwa, na ambacho kweli kimeharibiwa katika sehemu kubwa ya dunia, ni giza linalotuwezesha kuziona. Hapa Arusha, ambako familia nyingi huishi kwa utalii, bado tumezoea kuipima hifadhi kwa wanyama wanaoonekana mchana, na mgeni akisharudi kambini jioni tunahesabu kwamba kazi ya siku imekwisha. Naamini tunaiacha nusu ya hazina yetu bila kuitazama.

Dhana hii ilipata sura rasmi nchini Marekani. Mwaka 1988, katika mji wa Tucson, Arizona, mwanafalaki David Crawford na daktari Tim Hunter, aliyekuwa mpenzi wa kutazama nyota, walianzisha jumuiya ya kutetea anga la usiku, ambayo leo inaitwa DarkSky International. Mwaka 2007 jumuiya hiyo ilitoa hadhi ya kwanza ya hifadhi ya anga la giza kwa eneo la Natural Bridges, jimbo la Utah. Barani Afrika hadhi ya namna hiyo ilifika kwanza NamibRand, katika jangwa la Namib, mwaka 2012. Si ajabu kwamba baadhi ya maeneo ya mwanzo yalikuwa makavu, kwa maana jangwa na giza huandamana, na mfano wa Hifadhi ya Taifa ya Death Valley, iliyotambuliwa mwaka 2013 katika daraja la dhahabu, la juu kabisa wakati huo, unaonyesha vizuri jinsi vinavyoandamana.

Death Valley imo katika jangwa la Mojave, upande wa mashariki wa jimbo la California. Sehemu yake ya chini kabisa, bonde la Badwater, iko mita 86 chini ya usawa wa bahari, na mahali paitwapo Furnace Creek pana rekodi ya joto la nyuzi 56.7 za Selsiasi iliyoandikwa Julai 10, 1913. Mvua ya mwaka mzima chini bondeni ni takriban milimita 50 hadi 60, kiasi ambacho Moshi inaweza kukipata kwa siku moja ya masika. Ukavu huo unatokana na milima. Hewa yenye unyevu ikitoka bahari ya Pasifiki hulazimika kupanda safu ya Sierra Nevada na safu nyingine zinazofuata, ikapoa, ikamwaga maji yake upande wa magharibi, na ikifika bondeni huwa haina tena cha kutoa. Mkazi wa Moshi anaijua hali hii bila kufundishwa: migomba ya Marangu na Kibosho hustawi upande wa Kilimanjaro unaopokea upepo wa mvua, na mtu akizunguka mlima kuelekea Ngarenairobi na tambarare za Longido hukuta nyasi fupi, migunga na vumbi.

Uzuri wa mahali kama hapo ni mkavu, na jicho lililozoea kijani huhitaji muda kuupokea. Pale Badwater ardhi ni ukoko mweupe wa chumvi. Maji machache yanayopanda kutoka chini huvukia na kuacha chumvi, chumvi hiyo huongezeka na kusukumana, na uso wote hugawanyika katika maumbo yenye pande nyingi, kila umbo likiwa limezungushiwa kingo zilizonyanyuka na kukwaruza mkono ukizigusa. Aliyewahi kusimama kando ya Ziwa Natron wakati maji yamerudi nyuma ameshaona jambo linalokaribiana nalo, ingawa kule kwetu ukoko ni wa magadi na rangi yake huelekea wekundu kwa sababu ya viumbe wadogo wanaoishi katika maji hayo.

Ukavu huohuo ndio unaolisafisha anga. Mawingu ni machache, na mvuke wa maji, ambao hufifisha mwanga wa nyota, ni haba. Kwa kuwa mvuke huo ndio pia unaozuia joto la ardhi lisipotee, jangwa hupoa haraka baada ya jua kuzama, na mtu aliyetoka jasho alasiri anaweza kuhitaji koti kabla ya alfajiri, hasa katika miezi ya baridi. Jambo la tatu ni watu: pasipo na maji hapana miji mikubwa, na pasipo na miji taa ni chache.

Hapo ndipo unapoingia uchafuzi wa mwanga, yaani mwanga wa taa unaokwenda mahali usipohitajika. Taa isiyo na kifuniko hutupa sehemu ya mwanga wake juu, mwanga huo hugonga chembechembe za hewa na vumbi, kisha hutawanyika na kurudi machoni mwetu kama mng'ao unaofunika nyota hafifu. Mwanga wa samawati hutawanyika zaidi kuliko ule wa manjano, na ndiyo maana taa nyeupe kali za LED huchafua anga kuliko taa za rangi ya joto zenye nguvu ileile. Mng'ao huu haujali mipaka. Taa za Las Vegas, jiji lililo zaidi ya kilomita 100 kutoka katikati ya Death Valley, huonekana kama kuba la mwanga kwenye upeo wa mashariki, na hakuna askari wa hifadhi awezaye kulizuia. Vivyo hivyo, ukitoka Arusha kwa barabara ya Namanga usiku na kusimama mahali peusi, ukageuka kutazama ulikotoka, utaiona nuru ya mji imetanda angani, hata nyumba zenyewe zikiwa zimejificha nyuma ya Mlima Meru.

Ili kulipima giza, watazamaji wengi hutumia kipimo kilichotungwa na Mmarekani John Bortle mwaka 2001, chenye madaraja 9. Daraja la 9 ni katikati ya jiji kubwa, ambako huonekana mwezi, sayari na nyota chache zenye nguvu. Daraja la 1 ni giza kamili, ambamo jicho tupu huona nyota elfu kadhaa, na Njia Nyeupe, yaani ule ukanda wa mwanga unaokatiza anga, hung'aa kiasi kwamba sehemu yake iliyo katika makundinyota ya Nge na Mshale inaweza kutupa kivuli hafifu ardhini. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba zaidi ya theluthi moja ya wanadamu hawawezi kabisa kuiona Njia Nyeupe kutoka wanakoishi.

Jambo moja ningependa kila mwongoza watalii wa mji huu alijue. Death Valley iko nyuzi 36 kaskazini mwa Ikweta, hivyo ile sehemu ya Njia Nyeupe iliyo angavu kuliko zote huonekana kwao chini upande wa kusini, karibu na vilima. Sisi tuko kama nyuzi 3 kusini mwa Ikweta, na katikati ya Agosti, ifikapo saa tatu usiku, sehemu hiyohiyo iko juu sana, zaidi ya nusu ya njia kutoka upeo hadi utosini. Mji wa Arusha wenyewe mara nyingi huwa na mawingu miezi hiyo, lakini upande wa Longido na Natron ni mkavu zaidi. Hata Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho wahenga walikitumia kusoma majira wakisema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, huonyesha nyota nyingi zaidi kule kuliko mjini.

Giza pia ni makazi. Kwa sababu ya joto la mchana, wanyama wengi wa jangwani hutoka usiku. Mmoja wao huko Mojave ni panya mdogo arukaye kwa miguu ya nyuma, ambaye anaweza kuishi bila kunywa maji kwa kutegemea unyevu unaotokana na mbegu anazokula. Mbalamwezi ikiwa kali, panya huyu hupunguza kutembea mahali pa wazi kwa kuhofia bundi na mbweha. Taa inayowaka kucha humwekea mbalamwezi isiyokwisha.

Eneo linaloomba hadhi hii hutakiwa kuorodhesha taa zake zote za nje, kupima giza la anga lake kwa kifaa, kufundisha wageni, na kuendelea kutoa taarifa baada ya kukubaliwa. Taa zinazobaki sharti zifunikwe juu ili mwanga uende chini tu, ziwe za rangi ya joto isiyozidi kelvini 3,000 (kipimo cha rangi ya mwanga), na ziwashwe pale tu zinapohitajika. Hayo yote yanaweza kufanywa na kambi yoyote ya Natron bila kusubiri cheti cha mtu: kofia ya bati juu ya balbu, balbu ya manjano, taa nyekundu kwenye njia ya kwenda mahemani, na jenereta kuzimwa baada ya chakula. Mgeni aelezwe kwamba macho huhitaji kama dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na kwamba kutazama simu mara moja huyarudisha mwanzo. Ratiba nayo ipangwe kwa mwezi, kwani usiku wa mwezi mpevu hata jangwa bora kabisa huonyesha nyota chache, na zile siku chache kabla na baada ya mwezi mwandamo ndizo zinazofaa kutengewa wageni waliokuja kwa ajili ya anga.