Hekalu la kifalme: maana yake nchini Thailand

Ukisikia "hekalu la kifalme" huenda ukafikiria mahali pa ibada ndani ya jumba la mfalme. Bangkok lipo la namna hiyo, Wat Phra Kaew, na hakuna mtawa hata mmoja anayeishi humo. Lakini neno lenyewe la Kithai, phra aram luang, lina upana zaidi. Ni hekalu la Kibudha lililojengwa au kukarabatiwa na mfalme au jamaa yake, au lililojengwa na raia kisha mfalme akalipokea chini ya ulezi wake. Kati ya mahekalu yapatayo 40,000 nchini humo, yenye hadhi hii ni zaidi kidogo ya 300. Tangu 1915 yamegawanywa katika madaraja matatu.

Hadhi hiyo ina wajibu ndani yake. Watawa wakishamaliza miezi mitatu ya kutulia hekaluni wakati wa mvua, waumini huwapelekea mavazi mapya katika sherehe ya kathin. Kwa mahekalu ya kifalme, mavazi hutoka kwa mfalme. Machache huyapelekea mwenyewe au kwa mwakilishi wake. Mengi huachiwa wizara, taasisi na watu binafsi wafikishe kwa niaba yake.

Ukifika hekaluni, tazama chini kabla ya kutazama paa. Ukumbi wa kuwapokea watawa wapya, yaani ubosot, huzungukwa na mawe manane ya mpaka yenye umbo la jani. Katika mahekalu mengi ya kifalme kila mahali pa jiwe pamesimamishwa mawe mawili, bega kwa bega.

Mfano ninaoupenda ni Wat Benchamabophit. Mfalme Chulalongkorn, wa tano katika nasaba yake, alipokuwa akijenga makazi mapya Dusit, eneo la Bangkok, mahekalu ya zamani yalikuwa ndani ya eneo lile, na desturi ilimtaka ajenge lingine badala ya yale yaliyoondolewa. Kazi ilianza 1899. Msanifu wa jengo alikuwa ndugu yake, Mwanamfalme Naris. Umbo ni la Kithai kabisa: mapaa yaliyopandana, vigae vya manjano vinavyong'aa, pembe za paa zikichomoza juu kama shingo ya ndege. Kuta, hata hivyo, ni marumaru nyeupe iliyosafirishwa kutoka Carrara, Italia, na madirisha yana vioo vya rangi kama ya makanisa. Nyuma ya ukumbi kuna ujia wenye sanamu 52 za Budha, za mitindo ya nchi na zama mbalimbali, kwa hiyo mtu huweza kuzunguka humo na kuona jinsi uso mmoja ulivyobadilika mkononi mwa mafundi.

Hekalu jingine la kifalme la Bangkok, Wat Arun, kando ya mto Chao Phraya, imevikwa vipande vya kaure ya Kichina ambavyo husimuliwa kuwa vililetwa na majahazi kama farumi, yaani uzito wa kutuliza chombo. Aliyeona makaburi ya nguzo ya Kunduchi au Mambrui, na sahani za Kichina zilizopachikwa humo, ataitambua kazi hiyo mara moja.

Huko Benchamabophit, ndani ya ukumbi, sanamu kubwa ya Budha ni nakala ya ile maarufu ya mji wa Phitsanulok. Majivu ya Chulalongkorn, aliyefariki 1910, yamewekwa chini yake.