Kwa nini jinzi ni ya buluu: maelezo ya fundi wa rangi

Katika madarasa ya batiki ninayofundisha hapa Tanga, wanafunzi huniuliza mara kwa mara kwa nini jinzi, ambayo siku hizi hupatikana kwa rangi nyingi, bado huhesabiwa kuwa ni jinzi hasa pale tu inapokuwa ya buluu. Jibu linalosikika zaidi kwenye meza za mitumba za Ngamiani ni kwamba buluu huficha uchafu. Lina ukweli wake, lakini halitoshi, kwa kuwa kahawia huficha vumbi vizuri zaidi. Levi Strauss na fundi cherehani Jacob Davis, waliopata hataza (haki rasmi ya uvumbuzi) ya kuimarisha mifuko ya suruali kwa ribiti, yaani vipini vidogo vya metali, tarehe 20 Mei 1873 huko Marekani, walishona suruali zao kwa denimu ya buluu na pia kwa turubai ya kahawia, na iliyodumu ni ile ya buluu. Mimi naamini kwamba sababu kubwa imo katika tabia ya rangi yenyewe, yaani nili, buluu ambayo asili yake ni mmea.

Watu wa pwani hii wameijua nili tangu zamani. Kaniki, kitambaa cha buluu iliyokoza kilichotiwa nili India, kilikuwa miongoni mwa nguo ambazo wapagazi wa karne ya 19 walizibeba pamoja na merikani (kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi) kutoka Bagamoyo na Pangani kwenda bara. Kaniki na jinzi zilipata buluu kwa sababu zilezile. Pamba ni ngumu kutiwa rangi za mimea: nyingi hazishiki mpaka uzi utayarishwe kwanza kwa shabu au dawa nyingine ya kushikiza, kisha uchemshwe kwa muda mrefu. Nili haitaki shabu wala kuchemshwa, na kwa kuwa haiyeyuki katika maji, nguo yake huvumilia kufuliwa mara nyingi. Kwa nguo ya kazi, inayopaswa kuuzwa kwa bei ndogo na kufuliwa kila wiki, rangi za asili za kushindana nayo zilikuwa chache mno.

Msomaji makini atauliza: ikiwa haiyeyuki, inaingiaje katika uzi? Wanaotengeneza batiki kwa rangi za unga zinazotaka kostiki na haidrosi wanalo jibu mikononi mwao, maana rangi hizo na nili ni za ukoo mmoja. Kostiki huyapa maji ukali unaotakiwa, na haidrosi huiondolea nili hali yake ya kutoyeyuka, ikawa maji ya manjano yanayoelekea kijani, ambayo pamba huweza kuyanywa. Kabla ya kemikali hizi kuwapo, kazi hiyo ilifanywa na bakteria katika mapipa yaliyoachwa yachachuke. Uzi unapoinuliwa kutoka ndani ya pipa huwa wa manjano-kijani. Hewa ikiugusa, oksijeni huirudisha nili katika hali yake ya kwanza, na muda mfupi tu baadaye uzi wote umegeuka buluu mbele ya macho yako. Nimeliona jambo hili tangu nilipoanza kazi, na hadi leo huacha ninachokifanya ili nilitazame.

Sasa tumefika kwenye kiini cha jambo. Nili haipendi sana pamba. Haifungamani nayo kikemia, bali chembe zake hunaswa tu katika nyuzi, na tena karibu na uso wa uzi. Ndiyo maana viwandani uzi huchovywa kwa muda mfupi, huinuliwa upate hewa, kisha huchovywa tena, mara nyingi, tabaka juu ya tabaka, hadi ukoze, huku moyo wake ukibaki mweupe. Chomoa uzi mmoja wa buluu kwenye pindo la jinzi, uukwangue kwa ukucha, nawe utauona weupe huo. Suruali inaposuguliwa magotini, mapajani na kwenye kingo za mifuko, tabaka la nje huondoka na weupe hujitokeza kidogo kidogo, kwa namna inayofuata mwili na kazi ya mvaaji. Kwa mtia rangi mwingine hiyo ingekuwa kasoro; katika jinzi ndiyo sifa inayotafutwa.

Ufumaji nao huongeza jambo lake. Nyuzi za mtande, zinazokwenda kwa urefu wa kitambaa, ndizo zinazotiwa nili, na za mshindio, zinazokatiza kwa upana, huachwa nyeupe. Kwa kawaida kila uzi wa mtande hupita juu ya nyuzi tatu za mshindio na chini ya mmoja, na kwa hiyo nje hutawala buluu na ndani hutawala weupe.

Kuhusu nili ya kiwandani nitasema machache. Adolf von Baeyer wa Ujerumani alifanikiwa kuiunda katika maabara, na kampuni ya BASF ikaanza kuiuza mwaka 1897, ikawaharibia soko wakulima wa nili wa India. Molekuli yake ni ileile ya mmea, kwa hiyo tabia ya jinzi haikubadilika.

Wateja huniletea jinzi zilizopauka, wakitaka nizirudishie buluu kwa rangi ya kawaida ya unga. Huwaeleza mapema kwamba rangi hiyo itaingia katika mtande na mshindio kwa pamoja, itafunika michirizi yote ya kupauka, na upande wa ndani utakuwa buluu kama wa nje, ilhali uzi wa mishono, ambao mara nyingi una poliesta, hautaipokea sawasawa. Anayetaka jinzi yake ikae na buluu yake kwa muda mrefu zaidi aigeuze ndani nje kabla ya kuifua, atumie maji baridi na sabuni isiyo na dawa ya kung'arisha, asiisugue kwa brashi, kisha aianike kivulini.