Ajira katika kambi za Marekani: hupaswi kumlipa wakala

Wakenya na Waganda waliokwenda kulinda, kupika na kufanya usafi katika kambi za jeshi la Marekani ng'ambo wanazidi kutuletea malalamiko, na mengi yanaanzia kwa pesa aliyopewa wakala.

Kanuni za zabuni za serikali ya Marekani (FAR, kifungu 52.222-50) zinamkataza mkandarasi, mkandarasi mdogo na wakala wao kumtoza mfanyakazi ada ya kuajiriwa. Tangu Januari 2019 ada hiyo imefafanuliwa kinagaubaga: picha za pasipoti, viza, vipimo vya hospitali, chanjo, mafunzo, tafsiri ya nyaraka, nauli. Ilipwe kabla ya safari, ikatwe kwenye mshahara au iitwe zawadi, ni marufuku.

Bado tunaambiwa, "Lakini hiyo ni kawaida, kila mtu hulipa." Si kawaida, na tafadhali tuache kuitetea. Aliyeuza kiwanja au kukopa chamani ili apate nafasi hawezi kuacha kazi hata akinyimwa mshahara, maana deni linamsubiri nyumbani. Hapo ndipo utumikishwaji unapoanzia.

Mkataba wa maandishi unapohitajika, uwe kwa lugha unayoielewa, na kama kazi inakuhamisha nchi, uupate angalau siku 5 kabla ya kuondoka. Ueleze mshahara, kituo cha kazi, malazi, siku za mapumziko, nauli ya kwenda na kurudi, na pa kulalamikia. Ukikabidhiwa bahasha JKIA wenzako wakiwa tayari foleni ya kupanda ndege, kanuni imeshavunjwa. Pasipoti nayo haishikiliwi na mwajiri.

Adhabu ni nzito. Mkandarasi anaweza kuzuiliwa malipo, kuvunjiwa mkataba au kufungiwa zabuni zote za serikali hiyo. Anayewaajiri watu kwa ulaghai kwa kazi za mikataba hiyo nje ya Marekani anaweza kufungwa hadi miaka 5 kwa sheria ya Marekani. Sheria ya Kenya ya 2010 inampa mlanguzi wa binadamu kifungo kisichopungua miaka 30, faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili.

Hatutataja kampuni hapa, kwa kuwa uchunguzi una taratibu zake, na si kila wakala ni mhalifu. Malalamiko hupokelewa na Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, na kanuni inakataza kulipiza kisasi kwa aliyeripoti. Usifute ujumbe wa M-Pesa wala mazungumzo ya WhatsApp. Kama wakala alikataa kukupa risiti, andika tarehe, kiasi na jina la aliyepokea, kisha uje kwetu hivyo hivyo.