Siri ikishatoka haifutiki: dhana potofu kuhusu funguo za programu

Vijana wa Tanga wanaoyaandikia maduka ya Ngamiani mifumo ya mauzo, au kampuni za mabasi mifumo ya tiketi, wanashika siri za watu: nywila ya hifadhidata, ufunguo wa malipo ya simu (herufi za siri zinazoitambulisha programu kwa mtoa huduma), ufunguo wa kutuma meseji. Kuhusu kuzitunza, maneno haya husikika sana.

"Repo yetu ni ya faragha."

Repo ni hifadhi ya msimbo wa programu pamoja na historia yake. Ya Uber nayo ilikuwa ya faragha. Mwaka 2016 wavamizi waliingia kwenye repo ya wahandisi wa kampuni hiyo iliyokuwa GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, wakakuta humo funguo za AWS, huduma ya seva za kukodi ya Amazon, wakachota taarifa za abiria na madereva wapatao milioni 57. Faragha hiyo huishia pale nywila ya mmoja wenu inapoibwa, au kompyuta inaposahaulika kwenye basi la Dar. Kila aliyewahi kuikloni repo ana nakala yake.

"Tuliiona mapema, tukaifuta."

Hii ndiyo inayoniudhi zaidi, maana anayeisema huenda kulala bila wasiwasi. Kazi ya Git, programu inayotunza matoleo ya msimbo, ni kukumbuka. Ukilifuta leo faili la .env, linalobeba siri za mfumo, toleo la jana limo kwenye historia, na amri moja inalitoa. Kuliandika kwenye .gitignore, orodha ya mafaili ambayo Git isiyapokee, baada ya kuliingiza hakusaidii: Git huendelea kulifuatilia faili iliyokwisha kulipokea mpaka uliondoe. Ipo zana ya git filter-repo inayoandika historia upya, lakini haigusi nakala zilizo kwenye kompyuta za wenzako, wala haimfikii aliyekwisha kuunakili ufunguo. Kwenye repo za wazi, roboti hupekua zikitafuta funguo usiku na mchana. Hazijali kama mfumo wako ni wa duka moja la Chumbageni. Kwa hiyo kwanza batilisha ufunguo kwa mtoa huduma, utengeneze mwingine. Historia utaisafisha baadaye, ukitaka. Wengi huanza na usafi.

"Tumeisimba kwa base64."

Kusimba ni kuyageuza maandishi yasisomeke bila ufunguo. Base64 ni namna tu ya kuyaandika kwa herufi nyingine; haina ufunguo, kwa hiyo yeyote anaifungua. Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi, nayo huandika Secret zake, yaani siri inazotunza, kwa base64, na usipobadilisha mipangilio huzihifadhi kwenye etcd, hifadhidata yake, bila kuzisimba.

"Tukisimba kwa zana nzuri, tumemaliza."

Hapa pana ukweli nusu. SOPS, zana ya kusimba mafaili iliyoanzia Mozilla, husimba thamani (kama nywila yenyewe) na kuyaacha majina yake yasomeke, hivyo faili linaweza kukaa kwenye Git na mabadiliko yake yakaonekana. Ruby on Rails, zana ya kujengea mifumo ya wavuti, tangu toleo la 5.2 huweka credentials.yml.enc, faili la siri zilizosimbwa, kwenye repo na kuiacha master.key, ufunguo wa kulifungua, nje. Ila sasa siri zako zote zimegeuka siri moja. Ukiituma master.key kwenye grupu la WhatsApp la mradi, umerudi ulikotoka.

Tena watu huhama. Mwenzenu akipata kazi Dar, mkimtoa kwenye orodha ya wanaofungua faili la SOPS, mnaweza kumzuia kusoma matoleo yajayo tu. Ya zamani yamo kwenye nakala yake, na ufunguo wake bado unayafungua. Siku anayoaga, hata akiwa binamu yako, badilisheni nywila zenyewe: ya hifadhidata, ya malipo, ya meseji. Wekeni mpya kwenye seva, hakikisheni mfumo unafanya kazi, ndipo mzime za zamani.