Kabla ya kuilaumu mita: kwa nini umeme wa nyumba ya kupanga unaisha haraka

Kila ifikapo Septemba, Tabora inapoanza kuchemka na vumbi likatafuta pa kuingilia, karakana yetu ya umeme wa majumbani hupata wageni wengi kuliko miezi mingine. Wengi ni wapangaji wa hizi nyumba mpya za ghorofa moja na mbili zinazoota Cheyo, Isevya na Ipuli. Na karibu wote huanza na maneno yaleyale: "Mwalimu, mita yangu inakimbia."

Mita mbovu zipo, sikatai. Lakini nimefundisha kazi hii muda wa kutosha kujua kwamba mita ndiyo ya mwisho kushukiwa. Kabla hatujaigusa huwa nauliza jambo moja: hela yako imenunua uniti chache, au uniti zilezile zimeisha mapema? Mtu akikosa kutenganisha haya mawili atahangaika na fundi wiki nzima, fundi abadilishe soketi, achunguze taa, kumbe jibu liko kwenye simu yake.

Tuanze na hela. Fungua ujumbe wa malipo ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, usiishie kwenye zile tarakimu 20 za kuingiza. Chini yake kuna mgawanyo: kiasi cha umeme wenyewe, VAT asilimia 18, REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3, EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, na deni kama lipo. Bei za msingi ni zile zilizoidhinishwa na EWURA mwaka 2016. Mteja wa nyumbani mwenye matumizi madogo, kundi la D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, na akivuka hapo kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Mteja wa kundi la T1, mwenye matumizi makubwa kuliko hayo, hulipa shilingi 292 tangu uniti ya kwanza. Weka makato juu yake, ndipo utaelewa kwa nini shilingi 9,150 humpa mtu wa D1 uniti zake 75, ilhali jirani yake wa T1 akinunua umeme wa shilingi 10,000 anapata uniti 28 na ushee tu.

Hapa ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa. Mtu wa D1 ananunua tarehe 3, anapata uniti 75 na kufurahi. Tarehe 24 zimeisha, anaongeza 5,000, anapata uniti 11.7. Anaona ameibiwa. Hakuibiwa, amevuka mstari, na kila uniti ya ziada sasa inamgharimu shilingi 427 pamoja na makato, ghali hata kuliko T1. Na akizoea kuvuka mwezi baada ya mwezi, anahamishwa kundi.

Jambo la pili kwenye risiti ni kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 kodi hiyo hukatwa kupitia LUKU. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu mwaka wa fedha 2023/24 imekuwa 1,500. Nyumba za ghorofa hutozwa zaidi, kwa kuhesabu sakafu. Miezi isiyonunuliwa umeme haisamehewi, inajilimbikiza. Basi mpangaji anahamia nyumba iliyokaa tupu tangu Pasaka, ananunua umeme wake wa kwanza wa 10,000, na sehemu kubwa inamezwa na miezi ya watu wasiokuwepo. Kodi hiyo kisheria ni ya mwenye jengo. Hifadhi ujumbe, kaa naye kwa adabu, mkubaliane namna ya kuipunguza kwenye pango. Nimeona wapangaji wakilipa mwaka mzima kimyakimya kwa sababu tu hakuna aliyesoma mstari ule.

Ipo na dhuluma nyingine isiyo na mdhulumu: mita moja, familia nyingi. Chukua nyumba yenye familia tano, kila moja ikitumia uniti 40 kwa mwezi. Kila familia, ikiwa na mita yake ndani ya D1, ingelipa takriban shilingi 4,900. Lakini mita ni moja, inaona uniti 200, inahesabika mtumiaji mkubwa wa T1, na fungu la kila familia linafika shilingi 14,250 hivi. Hakuna aliyewasha jiko usiku kucha. Mnagombana bure kuhusu nani ana friji na nani anapiga pasi kila asubuhi, wakati tatizo ni idadi ya mita. Vile vimita vidogo vya ndani ambavyo wenye nyumba hufunga vinasaidia kugawana kwa haki, ila haviwarudishi kwenye bei ya chini.

Sasa tuseme risiti iko sawa. Uniti ulizonunua ni zilezile za kila mwezi, ila zamani zilifika siku 20 na sasa zinakata siku ya 8. Hapo kuna kitu kinakula, na tunakitafuta kwa macho kabla ya bisibisi.

Kwenye mita kuna taa ndogo nyekundu inayopepesa. Karibu nayo pameandikwa namba, kwenye mita nyingi ni 1000 imp/kWh. Maana yake taa ikipepesa mara 1,000, uniti moja, yaani wati 1,000 kwa saa nzima, imeondoka. Kwa mita ya namna hiyo, hesabu sekunde kati ya pepeso moja na linalofuata, kisha gawa 3,600 kwa sekunde hizo. Jibu ni wati zinazotumika dakika ile. Ikipepesa kila sekunde 36, ni wati 100: televisheni na taa mbili tatu. Ikipepesa kila sekunde mbili, ni wati 1,800, na kama wewe unadhani umewasha feni tu, una la kuuliza. Namba ya mita yako ikiwa tofauti na 1,000, zidisha 3,600 kwa 1,000, gawa kwa namba hiyo, halafu ndiyo ugawe kwa sekunde. Kama mita iko juu ya nguzo na huioni taa, tumia rimoti, ile ya kuingizia tarakimu za LUKU: andika uniti zilizobaki, subiri saa tatu, andika tena.

Zima main switch ya nyumba yako, kisha nenda ukaitazame taa. Ikitulia, mlaji yumo ndani mwako. Isipotulia, kuna waya umechukua umeme baina ya mita na main switch yako.

Mwaka jana alikuja mama mmoja mpangaji wa chini katika nyumba ya familia nne pale Cheyo. Ana watoto wawili, friji dogo, televisheni na feni. Alizoea kutumia uniti nne kwa siku, ghafla zikawa kumi. Fundi wa kwanza alimbadilishia breka. Wa pili akamwambia friji limekufa, anunue jingine. Nilikwenda na wanafunzi wangu wawili, tukazima main switch, friji likanyamaza, nyumba ikawa kimya. Nje taa iliendelea kupepesa kila sekunde tatu na nusu. Mwanafunzi mmoja akapiga hesabu kwa kidole ukutani: wati elfu moja na kidogo.

Hatukuona kitu. Kisha mwanafunzi wa pili akauliza, "Mama, nani anamwaga maji kule nyuma?"

Tenki la juu lilikuwa limejaa na kufurika, boya la kuzima pampu limekwama, na pampu ya kisima ilikuwa ikizunguka tu. Waya wake ulipita chini ya fremu ya mlango na kuishia kwenye kebo ya mama huyu. Hadithi ikatoka polepole. Zamani pampu ililishwa na mita ya mpangaji wa juu. Yule alihama, uniti zake zikaisha, maji yakakatika, na fundi wa mtaani akaona njia fupi ni kuhamishia waya kwenye mita yoyote yenye umeme. Mwenye nyumba, mzee mstaarabu kabisa, alishika kichwa: "Mimi niliambiwa pampu imepona, basi." Saa sita kwa siku za pampu ile ni uniti sita, zaidi ya shilingi 64,000 kwa mwezi katika bei ya T1. Pampu, taa za ngazi, taa za uani na kengele ya geti viwe na mita yao na mchango wake unaojulikana. Kwenye nyumba ya kupanga hilo ndilo la kuuliza siku unapokagua chumba, kabla hata ya kuangalia rangi ya ukuta.

Kama taa ilitulia ulipozima main switch, rudisha main switch lakini ukiwa umeshusha breka zote, kisha pandisha moja moja huku mtu mwingine akitazama mita. Breka inayoamsha taa wakati kila kitu chake kimechomolewa ina umeme unaovuja. Mara nyingi ni hita ya maji ambayo koili yake imepasuka, au waya uliolowa ndani ya ukuta masika. Hapo acha. Umeme unaovuja unaua kabla haujamaliza uniti, na anayetakiwa kuugusa ni fundi mwenye leseni ya EWURA.

Kuna ubaya mwingine mdogo ninaoukuta kwenye nyumba zilizogawanywa vyumba baada ya kujengwa: fundi aliyeishiwa waya anachukua laini (waya unaoleta umeme) kwa mpangaji mmoja na nyutro (waya unaourudisha) kwa mwingine. Taa zinawaka vizuri, hakuna anayejua. Lakini aina kadhaa za mita hupima mkondo wa nyaya zote mbili na kuhesabu ulio mkubwa, hivyo matumizi ya jirani yanarudi kupitia kwako na mita yako inayahesabu. Dalili yake ni mita kupepesa kwa bidii jirani anapopiga pasi.

Vikishatoka hivyo, tunabaki na vyombo vyako mwenyewe. Feni watu huionea bure. Wati 60 hivi, ikizunguka usiku mzima wa saa nane haijafikisha nusu uniti. King'amuzi na chaja ni makombo. Kinachopasha joto ndicho kinachokula. Hita ya kuogea ya papo kwa papo yenye wati 5,000 inatumia zaidi ya robo tatu ya uniti kwa dakika kumi. Familia ya watu watatu wakioga mara mbili kwa siku wakati wa baridi ya Juni na Julai, ni uniti tano kila siku, 150 kwa mwezi, kwa kuoga tu. Kaa nayo dakika tatu badala ya kumi, bado utatoka msafi.

Friji ni kesi ya peke yake kwa sababu halizimwi. Friji dogo zima linaweza kuishi na uniti moja kwa siku, lakini likizeeka vibaya hufika mbili au tatu bila kulalamika. Chukua noti ya elfu moja, ibane kwenye mlango, ufunge, kisha ivute. Ikitoka kama imetolewa mfukoni, mpira wa mlango umechoka na baridi unavuja jikoni. Sukuma friji mbali na ukuta, geuka nyuma yake: vumbi la kiangazi cha hapa hutandika zile bomba kama blanketi, joto likakosa pa kutokea, kompresa ikawa haipumziki. Brashi na dakika kumi zinatosha, ukiwa umelichomoa kwanza. Na ile sufuria ya maharage, iache ipoe kabla ya kuiingiza kwenye friji.

Kuna kundi moja ambalo huwa nawarudisha nyumbani bila kuwapa dawa. Ni wale walioacha mkaa. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia Mei 2024, ikilenga asilimia 80 ya Watanzania wafikiwe ifikapo 2034, na watu wamenunua majiko ya presha ya umeme na birika. Umeme wao umepanda, ndiyo. Lakini birika la wati 2,000 linachemsha lita moja na nusu kwa uniti 0.15 hivi, shilingi hamsini na kitu. Weka hesabu ya gunia la mkaa ulilokuwa unanunua pembeni ya hesabu ya LUKU, uzijumlishe za miezi miwili, ndipo uamue kama umepata hasara. Isipokuwa kama unachemsha maharage kwenye jiko la sahani lisilo na mfuniko kwa saa tatu; huyo namwachia dhamiri yake.

Baada ya yote haya, kama nyumba imetulia, hakuna waya wa mtu, vyombo vimepimwa na bado uniti hazieleweki, sasa ishuku mita. Usivunje lakiri wala kumruhusu fundi aifungue, maana hapo kesi itageuka iwe yako. Omba TANESCO, shirika la umeme, waje waipime. Na uhakiki wa vipimo vya biashara, mita za umeme zikiwemo, uko chini ya Wakala wa Vipimo. Nenda ofisini na namba ya mita, ujumbe wa malipo wa miezi mitatu, na karatasi yenye uniti ulizosoma asubuhi na jioni kwa siku saba mfululizo, ukiandika na saa. Siku moja kati ya hizo saba iwe ile uliyosafiri na kuzima main switch.