Mvuke wa banda la shira: unatokea wapi, na hewa inaingilia wapi

Utomvu wa mepo, mti wa nchi za baridi, huchemshwa bandani hadi uwe shira. Unapotoka mtini huwa na sukari ya asilimia 2 hivi, ilhali shira iliyo tayari huwa na sukari ya asilimia 66 au 67. Kwa hesabu hiyo zinahitajika lita 40 au zaidi za utomvu ili kupata lita 1 ya shira, na maji mengine yote hayana budi kuondoka yakiwa mvuke. Wachemshaji wa Vermont, nchini Marekani, na Quebec, nchini Kanada, ambao msimu wao huanza takriban Februari na kuisha Aprili, katika majuma ambayo usiku maji huganda na mchana huyeyuka, huzungumza sana juu ya kuni, miti na mipira ya kukusanyia utomvu. Mimi kazi yangu ni kupitisha hewa katika majengo, na huitwa pale mvuke unapokataa kutoka. Mara nyingi ninakuta paa limetobolewa vizuri, lakini hakuna aliyefikiria hewa ya kuchukua nafasi ya mvuke huo itaingilia wapi.

Tuchukue mtambo wa kuchemshia wa familia unaotumia kuni, wenye karai la upana wa sentimita 60 na urefu wa mita 1.8. Moto ukikolea, karai hilo huweza kufukuza takriban lita 90 za maji kwa saa. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke wa nyuzi 100 hutanuka na kuwa karibu lita 1,700, kwa hiyo kila saa tunapata mita za ujazo 150 hivi za mvuke, kiasi ambacho bomba la kawaida hukimudu bila shida. Shida huanza mvuke huo ukiachwa uchanganyike na hewa ya bandani. Hewa ya nyuzi 0 iliyojaa unyevu hubeba takriban gramu 5 za maji katika kila mita ya ujazo, na ikipata joto hadi nyuzi 20 huweza kubeba gramu 17. Yaani, kila mita ya ujazo inayoingia kutoka nje huondoka na gramu 12 tu za ziada. Kuondoa lita 90 kwa njia hiyo kunadai mita za ujazo 7,500 za hewa kwa saa, na katika banda la mita 5 kwa 6 lenye kimo cha wastani cha mita 4, hewa yote ingebidi ibadilishwe zaidi ya mara 60 kila saa. Hata banda lingeweza kufanya hivyo, mchemshaji mwenyewe angeganda kwa baridi.

Kwa hiyo mvuke unapaswa kutolewa ungali wa moto, kutoka juu ya karai moja kwa moja, kabla haujakutana na hewa baridi. Ukishapoa hugeuka ukungu, na ukungu hauna nguvu ya kupanda. Hutanda kichwani, hulowesha pau, na hurudi chini kama matone. Ukisimama kando ya karai uangalie msumari uliotokeza chini ya bati, utaona tone likijikusanya kwenye ncha yake, likianza likiwa safi, likichukua rangi ya kutu, likinenepa, kisha likidondoka katikati ya povu la kitu ambacho watu watakila. Wanaotetea mabanda yaliyojaa ukungu kwa kusema kwamba ndivyo wazee walivyochemsha, ningependa walitazame tone hilo kwa dakika moja.

Njia ya kale ya kuutoa ni kibanda kidogo kinachojengwa juu ya mgongo wa paa, chenye milango pande zote mbili inayofunguliwa kwa kamba kutoka chini. Kinapaswa kukaa juu ya karai lenyewe, na urefu wake usipungue urefu wa karai. Nimeona vibanda vya kupendeza vilivyowekwa katikati ya paa kwa ajili ya sura, huku mtambo ukiwa kando, na mvuke ukilazimika kusafiri chini ya paa baridi kabla ya kuufikia mlango. Upepo ukivuma, hufunguliwa mlango wa upande usioelekea upepo, la sivyo upepo huusukuma mvuke urudi ndani. Kamba iliyolowa mvuke huganda usiku ndani ya kapi, hivyo mimi huweka waya wa chuma na kufunga bawaba upande wa chini wa mlango, ili uzito wake wenyewe uufungue.

Njia ya pili ni kulifunika karai kwa kofia ya chuma kisichoshika kutu, yenye bomba lake linalopenya paa na kupita juu ya mgongo wa paa, mbali na dohani ya moshi. Ukingo wa ndani wa kofia lazima uwe na mfereji mdogo wa kudaka maji yanayoteremka kwenye kuta zake na kuyapeleka nje ya karai. Chini ya kofia hiyo hupitishwa mabomba ya utomvu baridi unaoelekea karaini, ambao hupashwa na mvuke uliokuwa unakwenda bure, na mvuke huo ukipoa hutoa maji ya moto ya kuoshea vyombo. Hata hivyo, wengi huacha wazi karai la mbele, ambako shira humalizikia, kwa sababu ni lazima waione na kuipima, kwa hiyo kibanda cha paani huendelea kuhitajika.

Sasa hewa ya kuingia. Moto wa kuni huvuta hewa, mvuke unaopanda huvuta nyingine, na banda lililozibwa kila ufa kwa kuogopa baridi huviacha vikigombania ileile. Anayeshindwa mara nyingi ni mvuke, na siku mbaya huwa dohani: moshi hurudi ndani, pamoja na kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua. Matundu ya kuingizia hewa yawe chini ukutani, pande mbili zinazotazamana, na moto upewe bomba lake la hewa kutoka nje hadi mlangoni pa tanuri. Feni ya kunyonya hewa ninaikataa katika banda lenye moto wa kuni, kwa kuwa huweza kuishinda dohani na kuuvuta moshi chini, na kengele ya kaboni monoksidi ninaitaka katika kila banda.

Siku hizi wengi hutumia mashine ya kuchuja utomvu kwa shinikizo, inayouondolea maji hadi sukari yake ipande kutoka asilimia 2 hadi 8 kabla ya kuchemshwa, nao huniuliza kama kibanda cha paani bado kina kazi. Karai lilelile juu ya moto uleule hufukuza karibu lita zilezile kwa saa. Kinachopungua ni saa za kuchemsha, ambazo hushuka hadi takriban robo. Matundu hubaki na ukubwa uleule.