20W-50, MA na 4T: kopo la oili ya pikipiki linasema nini

Kutoka Ipogolo kupanda Iringa mjini kuna mlima wa kukaza. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa naupanda na abiria mmoja na kiroba chake cha viazi, gia ya pili, mara injini ikaanza kulia kwa juu kama vile nimeweka nyutro, huku mwendo unazidi kupungua. Nikiongeza moto, kelele inaongezeka, pikipiki haiendi. Abiria alishuka, akamalizia mlima kwa miguu. Siku mbili kabla ya hapo nilikuwa nimemwaga oili na kuweka 5W-30 ya gari dogo, oili ya bei mbaya, nikiamini kwamba kilicho kizuri kwa gari la mamilioni hakiwezi kuidhuru pikipiki ya cc 150. Fundi alifungua kava ya klachi, akatoa pleti moja moja na kuzikagua. Zilikuwa nzima. Tulizisafisha, tukamwaga oili yote, tukaweka 20W-50 yenye herufi MA, na klachi ikarudi kushika.

Tangu siku hiyo sinunui oili kabla ya kusoma kopo. Maandishi yale ni machache, na kila moja lina maana yake.

Kwanza tuelewe kazi yenyewe. Kwenye gari la gia za mkono, oili ya injini inabaki kwenye injini. Gia zina oili yake pembeni, na klachi inakaa pakavu. Kwenye pikipiki nyingi za biashara, injini, gia na klachi vinaishi nyumba moja na vinaoga oili moja, ambayo kwa pikipiki za cc 100 hadi 150 ni kama lita moja tu. Lita hiyo inalainisha pistoni na kamshafti, inakaa kati ya meno ya gia, na inapita katikati ya pleti za klachi. Halafu injini zetu nyingi zinapozwa na upepo. Hazina rejeta wala maji. Joto linatoka kupitia yale mapezi ya aluminiamu yaliyozunguka silinda, na sehemu kubwa ya joto lililobaki inabebwa na oili kutoka juu kwenye pistoni na hedi kushuka chini. Ukiwa unakimbia barabara kuu, upepo unasaidia. Ukikwama kwenye foleni saa nane mchana Dar es Salaam, injini inawaka na hakuna upepo, na mzigo wa oili unakuwa mkubwa zaidi.

Sasa ile namba, 20W-50. Inapima mnato, yaani jinsi oili inavyokuwa nzito au nyepesi kutiririka. Watu wengi mtaani wanadhani W ni uzito. Hapana, inatokana na neno la Kiingereza la majira ya baridi. Namba iliyo mbele ya W inaeleza oili itakavyokuwa kwenye baridi: 20W inapimwa uwezo wa kuruhusu injini kuzunguka kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, 10W kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri. Hata bodaboda wa Makete, anayeijua baridi kuliko wengi wetu, hajawahi kuwasha pikipiki kwenye hali ya namna hiyo. Kwa hiyo kwetu namba ya mbele isikunyime usingizi.

Namba ya nyuma ndiyo ya kwetu. Inaeleza oili inabaki nzito kiasi gani ikishapata moto wa nyuzi 100. Kwa kipimo cha SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, oili ya 30 ikiwa kwenye joto hilo ina mnato wa kuanzia 9.3 hadi chini ya 12.5, ya 40 ni 12.5 hadi chini ya 16.3, na ya 50 ni 16.3 hadi chini ya 21.9. Ili upate picha, maji ya kawaida yasiyo ya moto yana kama 1 kwa kipimo hichohicho. Oili yoyote ikipata moto inakuwa nyepesi. Ikizidi wepesi, ile ngozi nyembamba inayotenganisha chuma na chuma inakatika, na hapo ndipo injini inaponoki.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwa macho. Oili yenye namba mbili mara nyingi huwa imechanganywa na polima, nyuzi ndefu ndogo sana zinazoizuia isilegee mno kwenye joto. Meno ya gia yanazikatakata nyuzi hizo kila siku. Oili uliyoiweka ikiwa 50 inaweza kuwa imeshuka kidaraja kabla hujafika siku ya kumwaga. Ndiyo maana oili ileile ikikaa kwenye pikipiki inachoka haraka kuliko ikikaa kwenye gari, na ndiyo maana injini ya upepo inayobeba mizigo kwenye nchi ya joto mara nyingi huandikiwa 20W-50.

Lakini mara nyingi si mara zote. Honda, kwa mfano, huandika 10W-30 kwenye vitabu vya pikipiki zake nyingi ndogo za upepo. Injini hizo zimetengenezwa na nafasi ndogo kati ya vyuma na njia za oili zinazoitaka oili hiyo, na kuiwekea oili nzito kupita kiasi kunachelewesha oili kufika juu na kula petroli bure. Ushauri wangu: kitabu cha pikipiki kina neno la mwisho. Kama kilipotea, na mara nyingi hupotea siku ileile pikipiki inapotoka dukani, angalia kifuniko cha kujazia oili au muulize wakala wa aina hiyo. Usifuate cha jirani ambaye pikipiki yake ni ya kampuni nyingine.

Herufi MA ndizo zilizonishinda mimi pale mlimani. Ni alama ya JASO, shirika la viwango vya magari la Japani, ambalo mwaka 1998 lilitoa kiwango maalumu cha oili za pikipiki za mipigo minne. Sababu ilikuwa kwamba oili za gari zilianza kuwekewa dawa za kupunguza msuguano ili gari litumie petroli kidogo. Kwa gari ni jambo jema. Kwa klachi inayooga oili ni balaa, kwa sababu klachi inaishi kwa msuguano. Fikiria sahani za chuma na sahani zenye nyuzi zimepangwa kwa kupishana, springi zinazibana pamoja. Zikishikana, nguvu inaenda kwenye tairi. Ukizipaka dawa ya utelezi, zitashikana ukiwa tambarare bila mzigo, ila ukifika mlimani zinaachia. MA maana yake oili imepimwa na ikaonekana inaiacha klachi ishike. MA2 inashika zaidi ya MA1, na zote mbili ni jamii ya MA. Ukiona MB, hiyo ina utelezi zaidi na ni ya skuta zisizo na klachi ya ndani ya oili. Kwa bodaboda ya gia, iache dukani.

Alama nyingine ni API, ya Taasisi ya Mafuta ya Marekani. Herufi S ni injini za petroli, na herufi inayofuata inapanda kadiri kiwango kinavyokuwa kipya: SG, SJ, SL, SM, SN, SP ya mwaka 2020, hadi SQ ya mwaka 2025. Kitabu kikisema SL, chochote cha juu yake kinafaa, ila chunguza ile nembo ya duara. Ikiwa nusu yake ya chini imeandikwa "Resource Conserving" au "Energy Conserving", hiyo ni oili ya kubana petroli ya magari, ndugu wa ile iliyonishushia abiria mlimani.

Vijiweni kuna oili ya kupima, mara nyingi namba 40 tupu au 15W-40 ya dizeli, inayotoka kwenye pipa. Siwezi kumlaumu mtu anayeinunua huku hesabu ya bosi inamsubiri jioni. Nyingi hazina dawa za utelezi, ndiyo sababu klachi hazitelezi nazo. Lakini kwenye pipa hakuna kopo la kusoma, na hujui kilichomo ni kipya au ni oili chafu iliyochujwa. Kopo la lita moja lenye MA, ukiligawa kwa siku linazokaa kwenye injini, tofauti ya bei ni ndogo kuliko bei ya pleti mpya.

4T ni oili ya injini ya mipigo minne. 2T ni ya injini za mipigo miwili, ya kuchanganya na petroli; usiweke moja mahali pa nyingine. Na oili ya sintetiki haitelezeshi klachi kwa kuwa ni sintetiki. Ikiwa na MA, tumia bila wasiwasi.

Kupima kiasi cha oili kwenye injini nako kunapotoshwa sana. Simamisha pikipiki wima, mahali tambarare, kwa stendi ya katikati. Ikilala kwa stendi ya pembeni, kijiti cha kupimia oili kinadanganya. Iwashe dakika mbili tatu, zima, subiri kidogo, ndipo upime. Pikipiki nyingi, kijiti hutumbukizwa tu bila kuzungushwa na kukazwa, lakini thibitisha kwenye kitabu. Injini za upepo hula oili kidogo kidogo, na kwenye lita moja, kupungua kwa robo lita ni robo nzima ya kinga. Rangi nyeusi peke yake isikutishe, kwa sababu oili nzuri inabeba masizi. Rangi ya maziwa ndiyo ya kuogopa, maana maji yameingia. Anayekimbia kilomita 120 kwa siku anafikisha kilomita 3,000 ndani ya siku 25, kwa hiyo siku ya kumwaga oili ihesabu kwa kilomita, usihesabu miezi.

Kopo tupu usiliache gereji likiwa zima. Kuna wanaoyakusanya, wanayajaza oili chafu na kuyafunga upya. Mimi huazima bisibisi ya fundi, nalitoboa pande mbili, ndipo naondoka.